Antoni Abati

Antoni Abati (anaitwa pia Antoni Mkuu, Antoni wa Misri au Antoni wa Jangwani, Koma, Misri, 251 hivi – mlima Kolzim, Misri, 356) alikuwa mkaapweke Mkristo wa Misri anayejulikana kama baba wa wamonaki. Hakuwa mkaapweke wa kwanza, lakini mfano wake ndio uliovuta watu wengi kwenda kuishi jangwani kwa sala, kazi na mfungo, na ndio uliojulikana haraka katika Dola la Roma lote.

Umaarufu wake unatokana hasa na mapambano ya muda mrefu dhidi ya vishawishi vya mali, mwili, hofu na sifa. Ingawa hakusoma shule, silaha yake kuu katika mapambano hayo ilikuwa maneno ya Biblia aliyoyasikia kanisani na kuyashika kwa moyo.

Anaheshimiwa na Wakatoliki, Waorthodoksi, Waorthodoksi wa Mashariki, Waanglikana na Walutheri kama mtakatifu. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 17 Januari. Asichanganywe na Antoni wa Padua (1195–1231), padri Mfransisko aliyezaliwa Lisbon, nchini Ureno, ambaye parokia na shule nyingi za Afrika Mashariki zina jina lake.

Habari nyingi za maisha yake zinatoka katika kitabu kilichoandikwa na Athanasi, askofu wa Aleksandria aliyemfahamu, muda mfupi baada ya kifo chake.

Familia na utoto

Antoni alizaliwa katika kijiji cha Koma, karibu na mji wa Herakleopolis, katika Misri ya Kati. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Mashamba yao yalikuwa arura 300, yaani hekta 80 hivi za ardhi nzuri yenye rutuba, na eneo kubwa namna hiyo lilitosha kuifanya familia iheshimiwe kijijini.

Kadiri ya Athanasi, mtoto huyo hakupenda kwenda shule wala kuchangamana na watoto wengine. Alipenda kukaa nyumbani na kwenda kanisani pamoja na wazazi wake, na huko alisikiliza masomo kwa makini. Lugha yake ilikuwa Kikopti. Kigiriki, lugha ya serikali na ya wasomi wa wakati ule, hakukijua, hata uzeeni alihitaji mkalimani ili kuzungumza na wageni Wagiriki.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 au 20 wazazi wake walifariki. Akabaki na dada yake mdogo, akiwa na wajibu wa kumlea na kusimamia nyumba na mashamba.

Neno lililobadilisha maisha yake

Miezi isiyozidi sita baada ya msiba huo, Antoni alikuwa akienda kanisani kama kawaida yake. Njiani aliwaza jinsi mitume walivyoacha yote ili kumfuata Yesu, na jinsi Wakristo wa kwanza, kadiri ya Matendo ya Mitume, walivyouza mali zao na kuweka fedha miguuni pa mitume ili wagawiwe wahitaji. Alipoingia kanisani, Injili iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ile ya Mathayo sura ya 19, ambapo Yesu anamwalika kijana tajiri auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate.

Kijana wa Injili aliondoka na huzuni kwa sababu alikuwa na mali nyingi. Antoni aliona somo lile limesomwa kwa ajili yake. Alitoka kanisani, akawapa wanakijiji mashamba yake yote ili yasimsumbue tena yeye wala dada yake, akauza vitu vingine na kugawia maskini fedha nyingi alizopata. Alibakiza kiasi kidogo tu kwa ajili ya dada yake.

Siku nyingine alisikia kanisani somo la Mathayo sura ya 6, linalokataza kuhangaikia ya kesho. Hapo aligawa hata akiba ile ndogo. Dada yake alimkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu, wamlee pamoja nao.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kumbukumbu ya dada aliyemwacha ilikuwa kati ya mambo ya kwanza yaliyomsumbua alipoanza maisha mapya, na Athanasi hakulificha jambo hilo.

Mafunzo ya kwanza

Wakati huo hapakuwa na monasteri nyingi nchini Misri, na hakuna aliyekwenda kuishi jangwa la mbali. Waliotaka kujitoa kwa Mungu waliishi peke yao karibu na vijiji vyao. Katika kijiji cha jirani alikuwepo mzee aliyeishi hivyo tangu ujana wake. Antoni alianza kumuiga, naye akakaa nje ya kijiji.

Kila aliposikia habari za mtu mwenye juhudi mahali fulani alimwendea na kujifunza kwake. Kwa mmoja alitazama upole, kwa mwingine udumifu katika sala, kwa mwingine mfungo, kwa mwingine uvumilivu, kisha akajitahidi kuyaunganisha hayo yote katika maisha yake. Wanakijiji walimpenda, wengine walimwita mwana, wengine ndugu.

Alifanya kazi ya mikono, kwa kuwa alikuwa amesikia agizo la Mtume Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Sehemu ya mapato alinunulia mkate, iliyobaki aliwapa wahitaji. Maandiko matakatifu yaliposomwa alisikiliza kwa namna ya kutoacha neno lolote lianguke, hata kumbukumbu yake ikawa mahali pa vitabu.

Vishawishi vya ujana

Athanasi anasimulia vishawishi vya Antoni kwa mpangilio, kama vita vinavyobadilisha uwanja kila adui anaposhindwa.

Kwanza yalikuja mawazo ya kawaida ambayo mtu yeyote katika hali yake angekuwa nayo. Alikumbuka mali aliyoiacha, dada yake, ukoo wake, utamu wa chakula, raha za maisha na heshima ambayo angeipata kijijini. Upande wa pili aliwaza ugumu wa njia aliyoichagua, udhaifu wa mwili na urefu wa miaka iliyokuwa mbele yake.

Aliposhinda hayo, zilikuja tamaa za mwili. Usiku na mchana alisumbuliwa na mawazo machafu, na usiku mmoja Ibilisi alijitokeza kwa sura ya mwanamke ili kumtongoza. Antoni alipinga kwa kumfikiria Kristo, kwa kukumbuka hadhi ya roho aliyopewa na Mungu, na kwa kuwaza hukumu inayowangoja watu wote. Mshawishi alipokiri kushindwa, Antoni alimshukuru Mungu na kujibu kwa mstari wa Zaburi ya 118 unaosema juu ya Bwana kuwa msaidizi wa anayemtumaini.

Njia hiyo ya kujibu kwa Maandiko ni ileile ambayo Injili ya Mathayo na ya Luka zinasimulia juu ya Yesu mwenyewe alipojaribiwa jangwani: kila pendekezo la Ibilisi lilijibiwa kwa neno la Torati. Antoni hakutunga hoja zake mwenyewe. Alitafuta katika kumbukumbu neno linalofaa hali ile, akalishika.

Hata hivyo hakudhani kwamba ushindi mmoja umemaliza vita. Alizidisha ukali wa maisha. Alikula mara moja kwa siku baada ya jua kutua, pengine baada ya siku mbili au hata nne. Chakula chake kilikuwa mkate na chumvi, kinywaji chake maji tu. Alilala juu ya mkeka, na mara nyingi zaidi kwenye ardhi tupu. Aliona kwamba raha za mwili zikipungua, nguvu ya roho huongezeka. Hakuhesabu muda uliopita katika utawa, bali kila siku alijiona kama anayeanza upya, na nabii Eliya alikuwa kioo cha kujitazamia.

Makaburini

Baadaye Antoni alikwenda kuishi katika makaburi yaliyokuwa mbali kidogo na kijiji. Makaburi ya Wamisri wa kale yalijengwa kama vyumba, na mtu aliweza kukaa ndani. Rafiki mmoja alimletea mkate mara kwa mara, na mlango ulifungwa.

Huko kishawishi kilikuwa hofu. Kwa mujibu wa Athanasi, usiku mmoja mashetani walimpiga mpaka akalala chini bila kusema. Kesho yake rafiki yake alimkuta kama maiti, akambeba hadi kanisa la kijiji. Ndugu na majirani walikaa kandokando yake kama watu wanaokesha msiba. Usiku wa manane Antoni alizinduka, akaona wote wamesinzia isipokuwa rafiki yule. Alimwashiria, akamwomba ambebe tena hadi kaburini bila kumwamsha yeyote.

Kwa kuwa hakuweza kusimama kutokana na mapigo, alisali akiwa amelala. Aliimba Zaburi ya 27, ambamo mwenye kusali anakiri kwamba moyo wake hautaogopa hata jeshi likipanga kumzunguka. Ndipo chumba kilipoonekana kujaa simba, dubu, chui, mafahali, nyoka, nge na mbwamwitu. Antoni, akiwa bado na maumivu makali, aliwadhihaki: kama wangekuwa na nguvu kweli, angetosha mmoja tu kuja, wingi wao na sura zao za kutisha vilikuwa ishara ya udhaifu.

Mwishoni aliona mwali wa mwanga ukishuka kutoka juu, mashetani wakatoweka na maumivu yakakoma. Aliuliza kwa nini msaada haukuja mwanzoni. Alijibiwa kwamba Bwana alikuwepo muda wote, akisubiri kuona mapambano yake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 35 hivi.

Sahani ya fedha na dhahabu

Mara baada ya hapo aliamua kwenda jangwani. Alimwomba mzee aliyekuwa mwalimu wake waende pamoja, lakini mzee alikataa kwa sababu ya umri na kwa sababu desturi hiyo haikuwepo bado. Antoni akaenda peke yake.

Njiani aliona sahani kubwa ya fedha imelala chini. Alisimama akafikiri. Njia ile haikupitiwa na watu, na sahani kubwa hivyo isingeweza kuanguka bila mwenyewe kujua. Tena angerudi kuitafuta na kuiona, kwa kuwa mahali ni patupu. Akatambua kuwa ni mtego. Alikumbuka jinsi Mtume Petro alivyomkemea Simoni mchawi pamoja na fedha zake, na sahani ikatoweka kama moshi.

Mbele zaidi aliona dhahabu, na safari hii ilikuwa dhahabu halisi. Athanasi hasemi kama iliwekwa na adui au na Mungu kwa kumjaribu. Antoni hakusimama kuchunguza: aliiruka kama mtu anayeruka moto, akakimbia mpaka mahali pale pasionekane tena nyuma yake. Tofauti ya matukio hayo mawili ina mafundisho: kishawishi cha uongo alikitambua kwa kufikiri, lakini kile cha kweli alikikimbia.

Miaka 20 ngomeni

Ng'ambo ya mto Nile, upande wa mashariki, mahali paitwapo Pispir, alikuta ngome ya zamani iliyoachwa na kujaa nyoka. Aliingia humo akiwa na mkate wa miezi sita, kwa kuwa watu wa Thebe walijua kuoka mkate unaodumu hata mwaka mzima. Maji yalikuwepo ndani. Mara mbili kwa mwaka rafiki zake walimshushia mkate kwa juu ya paa. Aliishi hivyo karibu miaka 20 bila kutoka.

Waliokuja kumtembelea walibaki nje, wakisikia makelele ya kutisha. Yeye aliwatuliza kutoka ndani na kuwashauri wajitie ishara ya msalaba na kurudi nyumbani bila hofu.

Hatimaye, mwaka 305 hivi, watu waliotaka kumuiga walivunja mlango kwa nguvu. Walitarajia kumwona amekonda kwa mfungo au amepoteza akili kwa upweke. Walishangaa kumkuta na mwili uleule, si mnene wala mwembamba, na roho tulivu. Hakufadhaika kwa kuona umati, wala hakufurahia kusalimiwa na watu wengi hivyo. Aliwafariji wenye huzuni, akawapatanisha waliogombana. Wengi walikaa karibu naye katika vibanda milimani, hata Athanasi akaandika kwamba jangwa lilijaa watu kama mji.

Mafundisho yake kuhusu vishawishi

Athanasi ametunza hotuba ndefu ambayo Antoni aliwapa wamonaki kwa Kikopti. Msingi wake ni kwamba Maandiko yanatosha kwa mafundisho, lakini ni vema ndugu kuimarishana katika imani. Kati ya mambo muhimu yaliyomo:

- Watu wasidhani wameacha kitu kikubwa. Hata mtu angekuwa na dunia nzima akaiacha, ingekuwa kama kuacha sarafu moja ya shaba ili kupata mia za dhahabu. Tena kifo kingemnyang'anya vyote.
- Uadilifu hauhitaji safari ya mbali. Wagiriki walivuka bahari kutafuta elimu, lakini ufalme wa Mungu umo ndani ya watu.
- Kila asubuhi mtu ajifikirie kama asiyefika jioni, na kila jioni kama asiyefika asubuhi. Hivyo hatajikusanyia mali wala kushika kinyongo.
- Mashetani hawana nguvu ya kumlazimisha mtu. Wanatumia mawazo, hofu na udanganyifu, na wakikuta moyo wenye woga huuzidishia woga huo.
- Udanganyifu unaweza kuvaa sura njema. Adui anaweza kumwamsha mmonaki asali kupita kiasi ili amchoshe, kumhimiza afunge asiyoweza ili akate tamaa, na hata kutaja maneno ya Biblia.
- Alama ya kupambanua ni hali inayobaki moyoni. Njozi njema huleta utulivu, furaha na ujasiri. Njozi mbaya huacha vurugu, huzuni, uvivu na chuki.
- Asijivune anayefukuza pepo wala asidharauliwe asiyeweza, kwa kuwa Yesu aliwaambia wanafunzi wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, si kwa sababu pepo wanawatii.

Aliwashauri pia waandike matendo na mawazo yao kana kwamba watayasoma mbele ya wenzao, kwa sababu aibu ya kujulikana inazuia dhambi. Ushauri huo, kutoka kwa mtu ambaye hakusoma shule, ulikuwa na athari kubwa katika desturi ya Kikristo ya kuchunguza dhamiri.

Aleksandria wakati wa dhuluma

Mwaka 311 Kaisari Maksimino Daia alidhulumu Kanisa nchini Misri. Antoni aliondoka jangwani akaenda Aleksandria. Aliwahudumia Wakristo waliohukumiwa kufanya kazi migodini na wale waliofungwa gerezani, akawatia moyo walioletwa mahakamani na kuwasindikiza mpaka kifo chao.

Hakimu alipoona uthabiti wao aliagiza mmonaki yeyote asionekane mahakamani wala asikae mjini. Wengine walijificha siku ile. Antoni alifua vazi lake la juu, akasimama kesho yake mahali pa wazi ambapo hakimu angemwona anapopita. Alitamani kufa mfiadini, lakini hakukamatwa. Dhuluma ilipokoma, baada ya askofu Petro wa Aleksandria kuuawa, alirudi jangwani. Athanasi aliona kwamba tangu hapo Antoni alikuwa mfiadini kila siku katika dhamiri yake.

Mlima wa ndani

Sifa zake zilienea, na watu wengi walimjia kutaka uponyaji na maombi. Antoni aliona hatari mpya, ya kujivuna kwa yale ambayo Mungu alitenda kupitia kwake, au ya watu kumwona kuwa zaidi ya alivyo. Akaamua kwenda mbali. Akiwa ameketi ukingoni mwa Nile akisubiri chombo cha kumpeleka Misri ya Juu, alisikia sauti iliyomwelekeza jangwa la ndani. Alifuatana na Waarabu waliokuwa wakisafiri huko, na baada ya siku tatu mchana na usiku alifika kwenye mlima mrefu karibu na Bahari ya Shamu. Chini yake palikuwa na chemchemi ya maji safi na baridi, uwanda na mitende michache. Alipapenda, akakaa.

Mwanzoni Waarabu walimpa mkate, baadaye ndugu zake walimtumia chakula. Alipoona wanapata taabu kwa ajili yake, aliomba jembe, shoka na nafaka kidogo. Alilima kipande cha ardhi, akafurahi kwamba hamlemei mtu. Alipanda pia mboga kwa ajili ya wageni waliofika wamechoka. Alisuka vikapu na kuwapa waliomletea mahitaji.

Huko alipambana na kishawishi kisicho na kelele, yaani uchovu wa roho unaomfanya mkaapweke achukie chumba chake, sala yake na kazi yake. Mapokeo ya Mababa wa jangwani yanasimulia kwamba siku moja, akiwa amezidiwa na hali hiyo, alimwona mtu mfano wake ameketi anasuka kamba, kisha anainuka kusali, kisha anaketi tena kusuka. Alikuwa malaika, aliyetumwa kumwonyesha njia. Antoni alifanya vivyo hivyo akapata nafuu. Mpangilio huo wa kupokezana sala na kazi umekuwa msingi wa maisha ya kimonaki hadi leo.

Mara kwa mara alishuka Pispir kuwatembelea wamonaki. Katika safari mojawapo alimkuta dada yake, sasa mzee, ameishi katika ubikira na amekuwa kiongozi wa mabikira wengine. Antoni alifurahi sana: wasiwasi uliomsumbua ujanani ulipata jibu.

Wakuu na wasomi

Kaisari Konstantino Mkuu na wanae Konstansi na Konstante walimwandikia barua wakimwomba awajibu. Antoni hakutaka kuipokea. Aliwaambia wamonaki wasishangae kwamba mfalme amewaandikia, maana naye ni mtu, bali washangae kwamba Mungu amewaandikia watu sheria yake na kusema nao kwa njia ya Mwanae. Ndugu walipomsihi asiwakwaze watawala Wakristo, alijibu akiwashauri wakumbuke hukumu ijayo, wawe na huruma, watende haki na kuwajali maskini.

Afisa mmoja wa jeshi alipomwomba akae zaidi kati ya watu, alikataa kwa mfano wa samaki: kama samaki wanavyokufa wakikaa nchi kavu, ndivyo wamonaki wanavyolegea wakikawia miongoni mwa watu.

Wanafalsafa Wagiriki walimjia kumdhihaki kwa kutosoma. Aliwauliza kipi kilitangulia, akili au maandishi. Walipojibu kwamba akili ilitangulia, aliwaonyesha kwamba mwenye akili timamu anaweza kuishi bila maandishi.

Mwaka 338 hivi alishuka tena Aleksandria kwa ombi la maaskofu, kwa sababu Waario walidai kwamba yeye ana imani sawa na yao. Alikanusha hadharani na kutetea umungu wa Yesu Kristo.

Kifo

Alipojua kwamba mwisho wake umekaribia aliwaaga wamonaki wa Pispir, akarudi mlimani alipoishi na wanafunzi wawili waliomhudumia uzeeni. Aliwaagiza wamzike chini ya ardhi na wasimwambie mtu yeyote mahali. Wakati ule baadhi ya Wamisri walihifadhi nyumbani maiti za watu walioheshimiwa. Antoni aliipinga desturi hiyo na hakutaka mwili wake utukuzwe. Hivyo hata baada ya kufa alijikinga na kishawishi cha sifa.

Urithi wake ulikuwa mavazi tu. Ngozi moja ya kondoo na joho alilolalia vilikwenda kwa Athanasi, ngozi nyingine kwa askofu Serapioni wa Thmuis, na vazi la manyoya likabaki kwa wanafunzi wawili. Alifariki mwaka 356, akiwa na umri wa miaka 105 kadiri ya Athanasi, macho yake yakiona vizuri na meno yake yakiwepo yote.

Maandishi

Barua saba zilizoandikwa kwa jina lake zimetufikia katika lugha mbalimbali, na Jeromu alizifahamu tayari katika karne ya 4. Kutokana na barua hizo baadhi ya wataalamu wanaona kwamba Antoni alikuwa na elimu kubwa kuliko Athanasi anavyoonyesha. Mapokeo mengine yamo katika mkusanyo wa misemo ya Mababa wa jangwani, na Jeromu alisimulia jinsi Antoni alivyomtembelea mkaapweke Paulo wa Thebe.

Athari

Kitabu cha Athanasi kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne hiyohiyo na kusomwa sana. Huko Trier, maofisa wawili wa Kaisari walikikuta katika kibanda cha watawa, wakakisoma na kuacha utumishi wao siku hiyo. Habari hiyo alisimuliwa Agostino, mwalimu wa ufasaha mjini Milano, aliyekuwa anatamani kubadili maisha lakini hakuweza kuachana na tamaa zake. Mwaka 386, akiwa bustanini katika mahangaiko makubwa, Agostino alikumbuka jinsi Antoni alivyopokea somo la Injili kama neno lililoelekezwa kwake. Akafungua Waraka kwa Waroma, akasoma, na mashaka yake yakaisha. Mwenyewe alieleza hayo katika kitabu chake, Maungamo.

Kwa njia hiyo neno alilolisikia kijana mmoja katika kanisa la kijiji cha Misri lilimfikia, miaka zaidi ya mia baadaye, msomi aliyekuja kuwa askofu wa Hippo na mwalimu mkubwa wa Kanisa la magharibi.

Monasteri ya Mt. Antoni, iliyoanzishwa na wafuasi wake chini ya mlima alipoishi, ni kati ya monasteri za kale zaidi duniani. Wamonaki wa Kanisa la Kikopti wanaishi humo mpaka leo.

Katika ibada na sanaa

Nchini Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 11, lilianzishwa shirika la Waantoni lililohudumia wagonjwa wa moto wa Mt. Antoni, ugonjwa uliotokana na kula nafaka yenye kuvu. Nguruwe wa shirika hilo waliruhusiwa kuzurura mitaani wakiwa na kengele. Kwa sababu hiyo Antoni huchorwa na nguruwe na kengele, pamoja na fimbo yenye umbo la herufi T, naye huombwa na wafugaji kwa ajili ya mifugo yao.

Vishawishi vyake vimechorwa mara nyingi. Maarufu zaidi ni michoro ya Hieronymus Bosch iliyoko Lisbon, na ile ya Matthias Grünewald aliyoifanya miaka 1512–1516 kwa ajili ya altare ya Isenheim, ambayo sasa iko Colmar, Ufaransa. Mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alitoa kitabu juu ya mada hiyo mwaka 1874. Wasanii hao walipenda hasa usiku wa makaburini wenye wanyama wa kutisha. Katika simulizi la Athanasi, usiku huo ni sehemu moja tu ya mapambano yaliyoendelea katika sala, kazi na mfungo wa kila siku kwa zaidi ya miaka 80.